Baada ya Zawadi Kugawiwa

Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google ilitangaza mashindano kwa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na Tanzania: andika makala katika Wikipedia ya Kiswahili, ujishindie kompyuta, simu au modemu. Kwa aliyezoea kusoma maandiko ya miradi, hesabu ilikuwa haina kasoro. Wasemaji wa Kiswahili ni mamilioni, cha kusoma mtandaoni ni haba, na vyuo vimejaa vijana wanaokijua Kiswahili na Kiingereza. Makala zikamiminika kwa mamia. Mwaka 2010 zawadi zikagawiwa, na walio wengi kati ya wale vijana hawakuonekana tena.

Makala zao hazikupotea, na nyingine zilikuwa nzuri. Lakini kila makala iliyoandikwa kwa kukimbizana na tarehe ya mwisho huhitaji mtu wa kuipitia: aiweke katika kundi la mada linalofaa, aiunganishe na nyingine, aondoe ile aya iliyotoka kwenye programu ya tafsiri bila hata kupanguswa vumbi. Kazi hiyo iliwaangukia wachache waliokuwapo kabla ya mashindano. Wikipedia ya Kiswahili ilianza 2003, na watu kama Ndesanjo Macha, mwanahabari wa Kitanzania, waliihangaikia mapema bila kuahidiwa chochote. Bajeti ilimkumbuka anayeandika. Anayesoma baada yake haikumkumbuka.

Miradi mingi iliyofuata, mikubwa kwa midogo, imefuata njia hiyohiyo. Ingia siku moja kwenye warsha ya kuhariri. Ni Jumamosi asubuhi, ukumbi wa chuo, bango la mfadhili limetundikwa, sambusa zimefika, na karatasi ya mahudhurio inazunguka upesi kuliko kitu kingine chochote kwa sababu bila sahihi hakuna nauli. Mwezeshaji anawaambia watu wafungue akaunti. Wote wako kwenye Wi-Fi moja, na mfumo wa Wikipedia, kwa kujikinga na waharibifu, hauruhusu akaunti mpya zaidi ya sita kwa siku kutoka anwani moja ya intaneti. Mtu wa saba anakataliwa. Mwezeshaji mzoefu huomba ruhusa maalumu mapema. Asiye mzoefu hupoteza saa nzima akiwasihi watu wawashe bando zao, na hapo ndipo unapojua nani ana bando na nani alikuwa anaitegemea ile Wi-Fi.

Kufikia mchana kila mmoja ana sentensi tatu nne kwenye skrini ya simu, na rejeo ambalo limekataa kukaa mahali pake. Picha ya pamoja inapigwa. Jumatatu, mmoja wa wakabidhi, kama wanavyoitwa wasimamizi wa huko, anapitia orodha ya mabadiliko ya karibuni. Anakuta makala isiyo na chanzo hata kimoja, anaipachika kigezo cha kufutwa. Hajakosea, maana kanuni ndizo hizo, na yeye mwenyewe anafanya kazi hiyo usiku baada ya shughuli zake za kutwa. Lakini mwandishi wa makala ile hajui kwamba kila ukurasa una ukurasa wake wa majadiliano, wala kwamba kwenye ukurasa wake mwenyewe amewekewa ujumbe wa kukaribishwa. Anachojua ni kwamba kazi yake ilikuwapo na sasa haipo. Kati ya Jumamosi na Jumatatu mradi umeshaanguka, ila ripoti itasema washiriki wote walijengewa uwezo.

Waliobaki ni watu wa namna gani? Fungua kurasa kwa kubahatisha utawajua. Utakutana na kata ya Tanzania: wilaya yake, mkoa wake, postikodi, wakazi wake kwa mujibu wa sensa, na chini kabisa orodha ya kata jirani. Ukibahatisha tena unakutana na mtakatifu wa karne za mwanzo za Ukristo pamoja na tarehe ya sikukuu yake. Kisha nyota, na kundinyota lake. Sijawahi kuona andiko la mradi lililotaja watakatifu au makundinyota kuwa viashiria vya mafanikio. Hizo ni kazi za watu waliopenda kitu, wakakaa nacho jioni baada ya jioni mpaka kikajaa. Unaweza kulalamika, na mimi nalalamika, kwamba mkulima anayetafuta habari za ugonjwa wa mihogo hajahudumiwa sawasawa na anayetafuta mtakatifu wa leo. Dawa yake ni kumpata mtu anayeipenda mihogo kwa kiasi hichohicho, na huyo hapatikani kwa tangazo la wiki sita.

Kinachowapotosha wapangaji ni idadi ya makala, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kwanza. Wikipedia ya Kisebuano, lugha ya Ufilipino, ina makala zaidi ya milioni 6 na kwa miaka imefuata nyuma ya ile ya Kiingereza kwa wingi. Nyingi ziliandikwa na roboti ya Msweden, Sverker Johansson, iliyokuwa ikichota majina ya milima, mito na wadudu kutoka hifadhidata. Wanaoihariri kwa mikono ni wachache sana. Mwaka 2020 ikagundulika kwamba makala nyingi mno za Wikipedia ya Kiskoti ziliandikwa na kijana wa Marekani asiyejua lugha hiyo. Aliandika kwa miaka. Kosa la kijana linanisumbua kidogo kuliko ile miaka: ina maana hapakuwa na wasomaji wenye lugha yao wa kutosha kumwambia, ndugu, hiki si Kiskoti.

Kuna kisa cha Angola ambacho waandaaji wa miradi hawapendi kukisimulia. Mpango wa Wikipedia Zero, ulioanza 2012 na kufungwa 2018, uliwawezesha wateja wa baadhi ya kampuni za simu kusoma Wikipedia bila kukatwa bando. Kufikia 2016 vijana wa Angola walikuwa wanaficha filamu na muziki ndani ya kurasa na hazina za Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, kisha wanapeana viungo kupitia kikundi cha Facebook, ambayo nayo walikuwa wanaipata bure. Wahariri wa Wikipedia ya Kireno walihangaika kuzifuta. Hakimiliki ilivunjwa, sitetei. Ila ukiitazama kama jumuiya, ilikuwa na kila kitu ambacho warsha hushindwa kukizaa: jambo ambalo wote walilitaka, na sababu ya kuhitajiana, maana filamu iliyofichwa haina faida bila mwenzako wa kukupa kiungo. Na hakuna aliyewalipa posho.

Ningekuwa na kauli juu ya fedha za miradi hii, ningeanza na kikundi cha watu sita wanaokutana kila wiki katika maktaba ileile, wamechaguliwa kwa sababu tayari wana kitu wanachokipenda, iwe taarabu, nyuki au mabasi ya zamani. Ningemlipa mtu mmoja kwa kazi ya Jumatatu: kuzipata makala changa kabla hazijafutwa, kumwandikia mwenye nayo, kutafuta chanzo pamoja naye. Na katika fomu ya tathmini ningeongeza safu ya walioendelea kuhariri miezi sita baada ya mafunzo. Fedha za bango, ukumbi na chakula cha mchana cha warsha moja kubwa zingewanunulia watu hao bando kwa muda mrefu. Shida ni kwamba ripoti ya mwaka wa kwanza itakuwa na tarakimu ndogo mno, na atakayeisaini atalazimika kumweleza bosi wake kwa nini amekuja na majina sita tu.