Hesabu Zilizomo Katika Majina ya Dawa na Hewa

Mwanachama mmoja alitujia ofisini na karatasi aliyoikuta ndani ya kopo la dawa, akauliza: "Bwana Katibu, hawa akina 'mono' na 'penta' ni watu gani?" Tulicheka naye, lakini swali lina maana, na jawabu lake twaliandika hapa kwa faida ya wote.

Hizo ni hesabu tu. Wataalamu wa kemia waliziazima kwa Wayunani: mono ni moja, di mbili, tri tatu, tetra nne, penta tano. Kuazima hesabu si aibu. Sisi wenyewe sita, saba na tisa tumezipata kwa Waarabu, tukaziacha tandatu, fungate na kenda zetu. Fungate imebaki kwa maharusi na siku zao saba. Hata baiskeli ina "bi" ya Kilatini, yaani mbili, kwa ajili ya magurudumu yake.

Katika kemia hesabu hutangulia kitu kinachohesabiwa. Mrututu, kwa jina lake la kitaalamu, una "penta" kwa sababu kila chembe yake imeshika chembe tano za maji. Ukitiwa moto maji hutoka, na ile buluu yake hugeuka nyeupe.

Ama jambo kubwa kwetu ni mono na di. Kaboni dioksidi ni kaboni moja na oksijeni mbili. Ndiyo hewa tuitoayo kila tupumuapo. Kaboni monoksidi ina oksijeni moja tu. Hutoka makaa yanapoungua kwa hewa haba. Haina rangi wala harufu, nayo huishika damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu, akalegea. Aliyelala huenda asiamke.

Twayasema haya kwa kuwa mvua ya vuli ikishika na karafuu zimo majamvini, wako wenzetu wanaoingiza seredani ghalani, wakafunga mlango na kulala humo humo. Sisi nasi tulifanya hivyo usiku mmoja. Moshi haukuwapo, basi hatukushuku kitu. Tuliamka kwa taabu, kichwa kikigonga, tukatambaa mpaka nje.

Seredani iwashwe nje na ibaki nje, na karafuu zingojee jua. Ukimkuta mtu amelegea ghalani, fungua mlango, mtoe upesi penye upepo, kisha apelekwe hospitali hata akisema hajambo.