Ovari Hulaumiwa, Damu Haiulizwi

Ugonjwa ambao hospitalini hutajwa kwa kifupisho PCOS, yaani sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, umepewa jina linaloelekeza macho mahali pasipo asili yake. Vile vidoa vyeusi vinavyoonekana kwenye picha ya ultrasaundi, vimejipanga ukingoni mwa ovari mithili ya shanga, si uvimbe kama wagonjwa wengi wanavyoambiwa, bali ni vifuko vya mayai vilivyoanza kukua vikakwama kabla yai halijapevuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unawapata asilimia 10 hadi 13 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, na kwamba hadi asilimia 70 kati yao hawajui kuwa wanao.

Chanzo cha kukwama huko husomeka katika damu. Pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni mbili zinazoiongoza ovari: FSH, ambayo hukuza kifuko cha yai, na LH, ambayo hulifanya yai litoke. Kwa wagonjwa wengi LH hutolewa mara kwa mara kupita kiasi huku FSH ikibaki nyuma, hivyo ovari huchochewa kutengeneza androjeni, yaani homoni ambazo mwanamume anazo kwa wingi na mwanamke kwa uchache, na hizo zikizidi huleta chunusi, ndevu na kunyonyoka kwa nywele utosini. Lakini LH haifanyi kazi hiyo peke yake. Misuli ya wengi wa wanawake hawa ni sugu kwa insulini, homoni inayoingiza sukari katika seli, na kongosho hulazimika kuitoa kwa wingi zaidi ili sukari ishuke. Insulini hiyohiyo ambayo misuli inaipuuza, ovari inaitii, nayo huongeza androjeni. Wakati huohuo ini, likielemewa na insulini, hupunguza utengenezaji wa SHBG, protini inayozishika homoni za jinsia ndani ya damu.

Protini hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa ni sehemu ndogo tu ya testosteroni ya mwanamke, takriban asilimia 1 hadi 3, inayozunguka ikiwa huru na kufanya kazi mwilini. Wanawake wawili wanaweza kupimwa siku moja wakakutwa na kiwango sawa cha testosteroni yote, mmoja ngozi yake ikiwa shwari na mwenzake akinyoa kidevu kila asubuhi, kwa sababu huyo wa pili SHBG yake imeshuka na homoni iliyofunguliwa imekuwa nyingi. Anayepewa jibu la jumla peke yake huambiwa kuwa hana tatizo, ilhali tatizo analiona kila ajitazamapo kwenye kioo.

Uhusiano wa homoni za kiume na sukari si ugunduzi wa jana. Mwaka 1921 madaktari Achard na Thiers wa Ufaransa walieleza kisukari cha wanawake wenye ndevu. Kisha mwaka 1935 Stein na Leventhal wa Chicago wakaandika juu ya wanawake 7 wenye ovari zilizovimba, na tangu hapo ovari ikawa ndiyo jina na ndiyo mshtakiwa. Hata vigezo vya Rotterdam vya mwaka 2003, vinavyotaka dalili mbili kati ya tatu, yaani hedhi isiyo na mpangilio, androjeni nyingi au ovari zenye vifuko vingi, havitaji sukari popote.

Mwili, hata hivyo, huitaja. Weusi mzito, laini kama mahameli, hujitokeza kwenye shingo na makwapa, na wapo wasichana wanaousugua kwa dodoki hadi ngozi ikachubuka, wakiambiwa kuwa hawaogi vizuri, ilhali hiyo ni ngozi inayokuzwa na insulini nyingi na hakuna sabuni itakayoiondoa.

Sukari ikipimwa kabla ya kula huweza kuwa ya kawaida kabisa, kwani kongosho bado linamudu. Ukweli hujitokeza zaidi mgonjwa anapokunywa maji yenye gramu 75 za glukosi na kupimwa tena baada ya saa 2: kuanzia milimoli 7.8 kwa lita mwili umeanza kushindwa, na kuanzia 11.1 ni kisukari. Mafuta ya damu nayo hupimwa, maana mara nyingi trigliseridi hupanda na kolesteroli nzuri hushuka.

Inasikitisha kwamba mwanamke aliyekwenda kutafuta mtoto huweza kupewa dawa ya kupevusha yai na kurudishwa nyumbani bila kupimwa sukari, kana kwamba tumbo la uzazi ndilo mwili wake wote. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unataka hali ya sukari ipimwe siku ugonjwa unapogunduliwa na irudiwe kila baada ya mwaka 1 hadi 3, hata kwa mwembamba, na hata kwa yule ambaye hana haja ya kuzaa tena.