Gemu iliyokataa kuchezwa na mtu mmoja

Mzazi anapomnunulia mtoto gemu, huuliza bei na ubora wa picha. Swali moja husahaulika: gemu hii inachezwa na watu wangapi? Tuiangalie Pong, gemu kongwe ya kurudishiana mpira kwa vibao kwenye skrini.

Kampuni ya Atari ya Marekani iliitoa mwaka 1972 ikiwa mashine kubwa ya kutumbukiza sarafu. Vibao vilikuwa viwili na mpira mmoja, basi. Mashine haikuweza kucheza na wewe, hivyo ilikubidi utafute mwenzako.

Toleo la nyumbani lilikuja mwaka 1975, likauzwa kupitia maduka ya Sears. Lilikuwa boksi dogo la kuunganisha na televisheni. Vitufe viwili vya kuzungusha, kama vya kuongezea sauti ya redio, vilikuwa juu ya boksi lenyewe, kwa hiyo wachezaji walikaa bega kwa bega. Kucheza peke yako hakukuwezekana.

Mwaka 1977 Atari ikaleta mashine ya kubadilisha kaseti. Kaseti yake ya Video Olympics ilikuwa na michezo 50 ya namna hiyo. Vitufe sasa vilikuwa na waya, na hata watu wanne waliweza kucheza pamoja. Ila iliongezwa Robot Pong, ambapo mashine yenyewe inashika kibao cha pili. Hapo mtoto hakumhitaji mtu tena.

Mwaka 1999 Pong ikafika kwenye PlayStation ikiwa na picha za pande tatu na hatua za kuvuka moja baada ya nyingine.

Ipi ni bora? Kwa picha, hiyo ya mwisho. Kwa familia, ninachagua ile ya 1975. Kitufe cha kuzungusha hakina cha kufundishwa. Mtoto wa miaka sita na bibi yake wanaanza sawa. Ukipewa pedi ya vitufe kumi, mtoto anakuzidi mara moja, nawe unaishia kuwa mtazamaji.

Tukubali ukweli: mara nyingi tunanunua gemu ili tupate utulivu nyumbani. Si dhambi, maana mzazi naye huchoka. Lakini mashine inayocheza na mtoto jioni nzima haitamuuliza shuleni kulikuwaje, wala haitagundua kwamba leo kanyamaza kuliko kawaida.

Siku hizi zipo gemu za simu zinazogawa skrini kwa watu wawili. Weka simu mezani, kaeni mkielekeana, mcheze mechi moja kabla ya kulala. Usimwachie ashinde kila mara, atajua. Akikufunga kihalali, mpe mkono. Maongezi mengine yatakuja yenyewe.