Ndege wa Pwani na Amana ya Maandishi

Maji ya Mto Pangani hayakomi Korogwe. Huteremka hadi baharini, katika mji wa Pangani. Bahari inapokupwa katika mwambao wa Tanga, huonekana ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, akiwinda kaa. Wataalamu humwita Dromas ardeola, jina alilopewa mwaka 1805. Yeye ni mgeni wetu. Huzaliana katika fukwe na visiwa vya Uarabuni, Oman ikiwamo, akichimba shimo mchangani na kutaga yai moja jeupe. Kisha huja kwetu, kwa njia ile ile ya majahazi ya mababu zetu.

Katika makumbusho makubwa ya Ulaya, ndege waliokaushwa huhifadhiwa ndani ya droo. Kila mmoja hufungwa mguuni kikaratasi chenye mahali, tarehe na jina la mkusanyaji. Kikaratasi kikipotea, hubaki ngozi na manyoya tu, bila ushahidi. Sisi Waislamu hili halitushangazi. Hadithi hupimwa kwa isnadi yake, na aya ya 282 ya Surat al-Baqara, ndefu kuliko zote, inaagiza deni liandikwe na kushuhudiwa.

Lakini maandishi nayo yana haki zake. Huko Amani, katika Usambara Mashariki jirani na Korogwe, Mwingereza Reginald Moreau alifanya kazi tangu 1928 hadi 1946. Mwaka 1931 ndege mdogo wa msitu huo alitangazwa kwa jina la kisayansi lililotokana na ukoo wake. Aliyemsaidia kukusanya ndege alikuwa Salimu Asmani. Jina la Moreau limo vitabuni dunia nzima. La Salimu, ni nani kati yetu anayewasimulia wanawe?

Basi tuanze nyumbani. Mzazi wa Handeni au Korogwe ampe mtoto daftari. Akimwona kitwitwi kando ya mto au bwawani, asimrushie jiwe. Aandike mahali, siku, alichokiona na jina lake mwenyewe. Miaka hamsini baadaye, bwawa likiwa limekauka au mto umebadilika, daftari hilo litakuwa shahidi. Elimu ni amana, na amana hurudishwa kwa wenyewe. Wallahu a'lam.