Udugu Unapogeuzwa Ngome ya Wahalifu

Tutajapo magenge ya wahalifu, fikra zetu hukimbilia bunduki na mabunda ya fedha. Lakini bunduki huja baadaye. Kwanza huwa pana kuaminiana, na kuaminiana hakuuzwi dukani. Hupatikana kwa jamaa, kwa jirani, kwa mtu uliyesoma naye, kwa uliyemwoza binti yako. Mfanyabiashara wa halali akidhulumiwa huenda mahakamani. Muuza unga atakwenda kwa nani? Hana mkataba ila ule wa damu na ukwe.

Katika mkoa wa Calabria, kusini mwa Italia, lipo genge liitwalo 'Ndrangheta, ambalo kiini chake ni nyumba: baba, wana, ndugu na binamu. Mabinti huozwa nyumba kwa nyumba ili kuunganisha nguvu au kuzima visasi. Wenzao wa kisiwa cha Sicilia walipata pigo kubwa mwaka 1984, Tommaso Buscetta alipomfunulia hakimu Giovanni Falcone siri zao. Calabria waliothubutu kufanya hivyo walikuwa wachache, kwa kuwa kule mwenye kusema humtaja babake mzazi. Na jamaa wakihama, mtandao huhama nao. Tarehe 15 Agosti 2007 watu 6 waliuawa mjini Duisburg, Ujerumani, kwa uhasama wa koo za kijiji cha San Luca, uhasama ulioanza mwaka 1991 kwa vijana kurushiana mayai sikukuu. Mayai!

Kisasi hakirithiwi bila ya msimulizi, na msimulizi mara nyingi ni mama. Yeye ndiye amwambiaye mtoto ni nani aliyemuua babu yake. Wapo waliokataa. Lea Garofalo, aliyezaliwa katika nyumba kama hizo, alianza kuwafunulia wakuu wa serikali ayajuayo mwaka 2002. Mwaka 2009 baba wa mtoto wake alimvuta hadi Milano kwa kisingizio cha kuzungumzia mustakabali wa binti yao, akauawa. Binti huyo alisimama mahakamani akatoa ushahidi dhidi ya babake.

Sisi tumeamrishwa kuunga udugu, lakini Suratun-Nisaa, aya ya 135, imekwisha kuuwekea udugu huo mpaka. Huku kwetu pwani kijana hachukuliwi na mgeni. Amwitaye ni rafiki wa maskani, au binamu aliyerudi na simu mpya, nasi nyumbani twasema, "Ni mwenetu, tumsitiri." Kumsitiri mja aibu yake ni jambo moja, kumfichia mzigo uvunguni ni jambo jingine kabisa.

Mwaka 2012 hakimu Roberto Di Bella, wa mahakama ya watoto ya Reggio Calabria, alianza kuwaondoa watoto katika nyumba hizo na kuwapeleka mbali wakalelewe. Mwanzo akina mama walimpinga kwa hasira. Baadaye baadhi yao wakaanza kumjia, wengine kwa siri, wakimwomba awachukue wana wao kabla baba zao hawajawawahi.