Kwa Nini Saratani Hupigwa kwa Dawa Zaidi ya Moja

Katika nyua za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kando ya njia za Unguja, huota mmea mfupi wenye maua ya waridi au meupe, ambao wataalamu huuita Catharanthus roseus. Asili yake ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska. Majani yake hutoa vinkristini, dawa inayozuia chembe hai kugawanyika. Yafaa ielezwe mapema kwamba kuyachemsha nyumbani ni kujilisha sumu: magunia mengi ya majani hutoa gramu moja tu ya dawa, nayo hutiwa katika mshipa wa damu kwa kipimo cha miligramu chache.

Hata hivyo, dawa moja aghalabu haitoshi. Uvimbe wenye ujazo wa sentimita moja huweza kuwa na chembe zipatazo bilioni moja. Ichukuliwe kuwa katika kila chembe milioni, moja ina kinga dhidi ya dawa ya kwanza. Chembe elfu moja zitasalia, nazo zitazaana. Ikiongezwa dawa ya pili inayoua kwa njia nyingine, na ambayo nayo hushindwa na chembe moja tu katika milioni, chembe yenye kinga mbili hutarajiwa mara moja katika bilioni elfu moja. Hesabu hiyo hiyo ndiyo iliyowaongoza madaktari wa kifua kikuu, ambao katika miaka ya 1970 walijaribu dawa za pamoja kwa wagonjwa wa Afrika Mashariki. Katika saratani hesabu haitimii kwa usafi huo, kwa kuwa kinga moja huweza kuzuia dawa kadhaa, na kila dawa inayoongezwa huumiza pia uboho, ambamo chembe nyeupe za damu huzaliwa. Mgonjwa aliyepungukiwa na chembe hizo huweza kuuawa na homa ndogo. Kwa hiyo hapana budi mchanganyiko ujaribiwe.

Afrika Mashariki haikuwa mtazamaji katika kazi hiyo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya uliowaua watoto wengi. Uvimbe huo huota pia tumboni, hata katika utumbo. Mwaka 1967 kilifunguliwa huko kituo cha kuutibu, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Makerere na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Ndicho kilichokua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Chini ya John Ziegler, kisha Charles Olweny, watoto waligawanywa kwa kura: wengine walipewa siklofosfamidi peke yake, wengine walipewa pamoja na vinkristini na methotreksati. Kura ni muhimu. Daktari akichagua mwenyewe, huenda akawapa walio na nguvu dawa anayoipenda, kisha akaisifu dawa kwa afya waliyokuja nayo.

Lakini kura huhitaji wagonjwa wengi, na hapo ndipo saratani ya utumbo mwembamba inapoleta taabu. Utumbo huo una urefu upatao mita 6, zaidi ya nusu ya njia yote ya chakula, na bado hauna hata saratani 5 katika kila 100 za njia hiyo. Dalili zake, kama maumivu ya tumbo, upungufu wa damu na kukonda, hufanana na za maradhi mengi, hivyo wengi hugunduliwa wakati imekwisha kuenea. Watafiti walilazimika kuwapa wagonjwa wote mchanganyiko mmoja na kuulinganisha na matokeo ya zamani. Nchini Marekani, fluorourasili, doksorubisini na mitomaisini kwa pamoja, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005, zilinyweza uvimbe kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya watano. Mwaka 2009 Michael Overman na wenzake, huko Houston, walitangaza kuwa kapesitabini na oksaliplatini ziliunyweza kwa wagonjwa 15 kati ya 30.

Nusu! Lakini kwa watu 30, bahati peke yake yaweza kuficha kiwango halisi popote kati ya 31 na 69 katika kila 100. Aidha, kunywea si kupona, na makundi hayo mawili hayakutibiwa wakati mmoja. Matokeo ya Houston yanatia moyo. Si zaidi ya hapo.

Liko jambo jingine ambalo wanafunzi wa Unguja watalielewa upesi. Kwa miaka mingi wagonjwa wa saratani wa kisiwani wamekuwa wakivuka bahari kutoka Mnazi Mmoja kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Mgonjwa wa Makunduchi asiporejea siku aliyopangiwa, mwenye daftari hajui kama amepata nafuu, amefariki, au amekosa nauli ya meli. Kampala waliwatuma watu vijijini kuwatafuta. Katika kundi la wagonjwa 30 ambamo 15 wamepata nafuu, kufuta majina matano ya wasioonekana hupandisha kiwango kutoka 50 hadi 60 katika kila 100, bila mgonjwa hata mmoja kuongezeka kati ya waliopata nafuu.