Kupiga Gari Polishi Bila Kula Vumbi: Neno kwa Wachimbaji Waliohamia Garaji

Ndugu wachimbaji, ba mama na watoto wa Masisi na Walikale, leo hatuzungumzi juu ya bei ya coltan wala juu ya mizani ya wanunuzi. Tunazungumza juu ya polishi ya gari. Musicheke kwanza, musome mpaka mwisho.

Kiangazi iliyopita tulienda kumuona mdogo wetu mmoja, mwanachama wa zamani. Alikaa miaka saba ndani ya mashimo ya Rubaya, kisha akaacha na kuingia garaji. Nyumbani kwake walifurahi sana: baba amerudi juu ya ardhi, hakuna tena hofu ya shimo kuanguka. Sisi tulimkuta chini ya malata, anapiga jeep nyeusi polishi na masini. Nyusi zake zilikuwa nyeupe sawa mtu aliyetoka kusaga unga wa muhogo. Na alikuwa anakohoa.

Tukamuuliza: “Mdogo wetu, hiyo kikohozi ilianza lini?”

“Ba papa, ni vumbi ya polishi tu. Haiko ya shimo. Itaisha.”

Mke wake, aliyekuwa amemletea chakula, akasema: “Kila jioni nakung'uta shati yake, na sasa mtoto naye anakohoa.”

Tulirudi na hayo maneno kichwani. Tunajua vijana wengi wanaoacha shimo na kwenda kwenye gari: kuosha, kunyoosha bati, kupaka rangi, kupiga polishi. Tuliwaaga kwa furaha, lakini hatukuwafundisha kitu juu ya vumbi ya huko.

Mapafu ni yale yale

Mtu anayetoka shimoni hapewi mapafu mapya. Miamba ya Rubaya yenye coltan ina quartz na mika ndani yake. Ukichimba au kuponda jiwe hiyo ikiwa kavu, unatoka unga mwembamba wa silisi. Chembe zake ndogo kabisa hazionekani kwa macho na pua haizizuii. Zinashuka mpaka chini ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Hauna dawa ya kuuponyesha, na unaufungulia kifua kikuu mlango. Mwaka 1997, CIRC, shirika la OMS linalochunguza kansa, liliweka vumbi ya silisi ya kazini kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa mtu.

Polishi nyingi za siku hizi hazina silisi. Kinachosugua rangi ni unga wa “oxyde d'aluminium”, uliochanganywa na mafuta na maji. Huo hauleti silikozi. Lakini kifua chenye makovu hakihitaji mzigo mwingine juu yake. Tena vumbi ya garaji haiko ya polishi peke yake. Ndani yake kuna rangi iliyosuguliwa, na rangi ya malori ya zamani inaweza kuwa na risasi, ile “plomb”, sumu inayoharibu hasa akili ya mtoto mdogo. Kwa hiyo yule mama alikuwa na haki ya kulalamika juu ya shati.

Tulijaribu kwenye mlango mmoja

Mwenye garaji ni mchimbaji wa zamani pia, akatukubalia. Tukachukua mlango mweusi wa lori, tukaugawa sehemu tatu kwa skochi. Polishi tatu, masini ileile, eponji safi kwa kila moja, dakika zilezile. Chini tukatandika plastiki nyeusi ili tuone kinachoanguka.

Ya kwanza ilikuwa ya kopo, nzito, bila etiketi, ndiyo ya bei ya chini. Ilikauka hata kabla hatujamaliza, ikageuka unga, ikaruka mpaka kwenye kioo. Ya pili ilikuwa kali, ya kuondoa mikwaruzo mikubwa. Ilitoa vumbi ya katikati. Ya tatu ilikuwa majimaji sawa maziwa, na kwenye vidole unasikia mafuta. Ilibaki na unyevu mpaka mwisho, tukaipangusa na kitambaa, plastiki ikabaki karibu safi.

Kisha mdogo wetu akasema turudilie ile ya pili. Safari hii akaweka kidogo zaidi, akapunguza mwendo wa masini, akapulizia eponji maji kidogo. Vumbi ikapungua sana. Hapo tukaelewa: chupa ni nusu ya kazi, nusu nyingine ni mkono wa fundi.

Namna ya kuchagua chupa

Usinunue polishi isiyo na etiketi. Hujui unapumua nini.

Soma etiketi. Ukiona “silice cristalline”, “quartz” au “tripoli”, iache dukani. Tripoli ni unga wa jiwe ya silisi. Ukiona “alumine” au “oxyde d'aluminium”, inafaa. Na musidanganyike na maneno “sans silicone”. Silicone ni kitu cha kutelezesha na kung'arisha, haiko silisi. Chupa inaweza kuwa “sans silicone” na bado isikuambie kitu juu ya silisi. Muulize muuzaji karatasi inayoitwa “fiche de données de sécurité”. Watengenezaji wanaitoa, na muuzaji mkubwa wa Goma anaweza kuitafuta kwenye simu yake.

Fanya jaribio dogo. Paka tone moja kwenye kipande cha kioo, kivulini, ungoje dakika chache, kisha usugue na kidole. Ile inayokauka haraka na kuwa unga ndiyo itakayoruka. Ile inayobaki na mafuta ndiyo yako.

Usichukue kali kuliko kazi. Polishi kali inaacha ukungu juu ya rangi, na utalazimika kupiga mara ya pili na nyingine laini. Hiyo ni vumbi mara mbili.

Na bei: usihesabu kwa kopo, hesabu kwa milango. Ile ya bei ya chini ilikauka, tukaongeza, ikakauka tena.

Mkono wa fundi

Kwanza maji. Mavumbi ya barabara zetu na michanga ya volkano inayotoka upande wa Goma ni makali. Ukiyapangusa makavu, unakwaruza rangi, na mikwaruzo hiyo ndiyo itakayokuitia polishi ndefu. Mwaga maji mengi, osha, kausha, ndipo uanze.

Fanya kazi kivulini, bati ikiwa imepoa. Weka matone manne au matano madogo kwenye eponji, yatosha. Chukua sehemu ndogo, kama nusu metro kwa nusu metro. Masini ya kuzunguka ianze pole pole, 600 mpaka 900 kwa dakika, ili kusambaza polishi. Kisha 1200 mpaka 1500. Simama kabla haijakauka. Safisha eponji na brashi baada ya kila sehemu, juu polishi ya zamani iliyokauka ndani yake ndiyo inayoruka zaidi. Maji ni ya kupulizia eponji tu, masini ikiwa imezimwa. Usimwage maji kwenye kitu chenye umeme.

Kuna jambo moja tunalolikataa kabisa: kutumia “meuleuse” ya kukatia chuma mahali pa masini ya polishi. Ile ndogo inazunguka karibu mara 11.000 kwa dakika. Inachoma rangi, inakausha polishi mara moja na kuitupa usoni mwako.

Vumbi mbaya kuliko ya polishi ni ya kusugua mastiki na msasa. Mastiki inakunywa maji na bati inashika kutu, kwa hiyo hapo huwezi kutumia maji. Fanya nje, upepo ukiwa mgongoni, na maski. Lakini rangi ya juu, kabla ya polishi, isugue na msasa wa maji, namba 2000 au 3000. Haitoi vumbi.

Maski, shati na bosi

Kitambaa cha shingo hakizuii vumbi nyembamba. Maski ya FFP2 inazuia chembe kwa 94 juu ya 100 au zaidi, FFP3 kwa 99, kama inashika uso vizuri. Lakini maski hiyo haizuii mvuke wa rangi ya kupulizia yenye “durcisseur”. Hapo inatakiwa maski yenye chujio ya mvuke.

Shati ya kazi ibaki garaji. Ikifika nyumbani, iingie moja kwa moja ndani ya maji, isikung'utwe. Usijipulizie kompresa mwilini.

Nani alipe? Tulimwambia mwenye garaji waziwazi: Code du travail ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi. Sheria ya 2016 juu ya sécurité sociale inaweka magonjwa ya kazi chini ya CNSS, kwa mfanyakazi aliyeandikishwa. Desturi ya shimoni, kwamba kila mtu ajitafutie vyake, tusiihamishe garaji. Akajibu kwamba pesa ni kidogo. Tukahesabu pamoja naye: chupa nzuri na maski za mwezi hazifikii bei anayolipwa kwa polishi ya jeep moja. Akakubali. Garaji zingine bado.

Na mutunze karatasi zenu za hospitali, picha za kifua na daftari za kazi. Kule Afrika Kusini, wachimbaji wa dhahabu wenye silikozi walisubiri miaka mingi mpaka mahakama ya Johannesburg ilipokubali makubaliano ya malipo mwaka 2019. Kila anayedai ni lazima aonyeshe kwamba alifanya kazi mgodini na kwamba ni mgonjwa.

Mdogo wetu tulimpeleka kupimwa. Kifua kikuu hakuna, tunashukuru. Lakini munganga alituonyesha kwenye picha makovu ya zamani, na akasema hayo hayataondoka. Mtoto amepona kikohozi. Yeye bado yuko garaji, na ile polishi ya kopo haipigi tena. Kama uliwahi kufanya kazi shimoni na sasa uko garaji, usingoje kukohoa. Njoo kwenye mkutano wetu na chupa unayotumia, tusome etiketi pamoja, kisha twende kumuona bosi wako.